Nyoka wa Vichwa Viwili na Kiwanja cha Bi Somoe

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la vielelezo, nikatia saini, nikaondoka. Umri wa kustaafu ulikuwa bado, lakini niliomba mwenyewe kuachia kazi, na walioipokea barua yangu hawakunibembeleza. Sijawahi kuwa mtu wa kukaa mahali. Siku ya kuniaga, vijana wawili wa kituo chetu cha utafiti waliniuliza sisi wa zamani tuliwapataje nyoka wa chini ya ardhi bila gari. Niliwajibu kwa kifupi kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto. Hapa nawajibu kwa urefu. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vya kwangu havikufika mbali kiasi cha kuandikiwa.

Nilifika Nachingwea katikati ya miaka ya sabini, nimemaliza kidato cha nne, sina ndugu hata mmoja kusini kote. Tangazo la kazi lilikuwa na maneno "safari za mara kwa mara", na hayo ndiyo niliyoyaomba. Neno "nyoka" lilikuwa mstari wa chini yake. Sikulisoma kwa makini.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha mabati, mabaki ya enzi za yale mashamba makubwa ya karanga ya Waingereza. Ndani kulikuwa na meza, kabati, pipa la spiriti, baiskeli mbili na Mzee Likopa. Huyu alikuwa Mmwera wa Ruangwa, wa miaka kama hamsini, mfupi, mwenye hasira za karibu na huruma za mbali. Ujana wake aliumaliza juu ya trekta kwenye mashamba hayo hayo, na nyoka alianza kuwajua kwa kuwafukua na plau. Siku ya kwanza alinitazama viatu kabla ya uso.

"Una nini wewe?"

"Kidato cha nne, mzee. Biolojia nimepata C."

"Na kuchimba umepata ngapi?"

Nilidhani ni mzaha. Nilichimba wiki nzima, nyuma ya kituo, mahali ambapo yeye mwenyewe alijua hapana nyoka. Alitaka nijifunze kupiga jembe bila kukata kilicho chini: unaingiza ulimi wa jembe kwa kulalia, unainua bonge, unalipasua kwa mikono. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina. Aliniita Fomu Foo.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Jembe lenye mpini mfupi, sururu, chupa za jemu, madebe yenye matundu ya msumari, mifuko ya marikani iliyoshonwa mara mbili, kwa sababu nyoka wa chini ya ardhi akiona mshono uliolegea anaufanya mlango. Lebo tuliziandika kwa penseli, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti. Kila lebo ilikuwa na siku, mahali na jina la aliyempata. Mahali ndipo Mzee Likopa alipokuwa mkali. "Nyoka asiye na mahali," alikuwa akisema, "ni mkanda wa suruali tu. Mtupe."

Katika nyoka wote wa chini ya ardhi, aliyetusumbua kuliko wengine ni yule wanayemwita wa vichwa viwili. Vitabuni jenasi yake inaitwa Chilorhinophis. Ni nyoka mdogo, unene wa penseli, mwili wa njano wenye mistari myeusi kuanzia mbele hadi nyuma. Kichwa ni cheusi, hakina shingo, na mkia nao ni mweusi, butu, wa umbo lile lile. Akishtuka anaficha kichwa chini ya mwili na kuinua mkia, anauyumbisha huku na huku kama anayetafuta wa kumuuma. Wa kumuuma hana. Meno yake yenye sumu yako nyuma kabisa ya kinywa, na kinywa chenyewe hakitoshi kidole. Anakula nyoka wenzake wadogo na wale mijusi wasio na miguu wanaofanana na minyoo. Spishi zake ni chache. Kuna wa Sudan, kuna wa upande wa Zambia na Kongo anayefika hadi Ziwa Tanganyika, na kuna huyu wa kwetu, wa kusini-mashariki hadi Msumbiji. Vitabu viwili tulivyokuwa navyo havikukubaliana kama wa kwetu ni spishi ya peke yake au ni ndugu wa yule wa Sudan. Ili kuamua, wakubwa wa Dar es Salaam walitaka mzima kamili, wahesabu magamba ya tumbo na kuyapanga ya kichwani.

Wa kwanza niliyempata mimi nilimtia kwenye debe moja na nyoka kipofu mdogo niliyemwokota njiani, nikapiga baiskeli kutoka Nanganga mpaka kituoni nikiimba. Mzee Likopa alifungua debe, akachungulia.

"Fomu Foo, umesema umeleta wangapi?"

"Wawili, mzee."

"Basi wamekuwa na kikao, wakaungana."

Yule wa njano alikuwa amevimba katikati, na kipofu hakuwepo. Usiku ule ule naye alijipenyeza kwenye tundu la msumari nililolitoboa kubwa mno, akaenda zake. Andikeni hilo, vijana: debe moja, nyoka mmoja, na tundu liwe dogo.

Lakini shida kubwa haikuwa madebe. Tulikuwa tumepeleka ujumbe kwa wenyeviti wa vijiji vyote, kwamba atakayemfukua nyoka huyu asimkate, atuite. Wenyeviti waliutangaza mikutanoni vizuri sana, na watu waliendelea kukata. Nyoka wa kawaida hukatwa kichwa. Huyu, kwa kuwa ana viwili, alikatwa vyote viwili, vikapondwa, vikachomwa moto. Kilichotufikia kilikuwa kipande cha katikati. Kabatini tulikuwa na chupa nzima ya vipande vya katikati, na hakuna mtaalamu duniani awezaye kutaja spishi kwa kipande cha katikati.

Mwaka wangu wa pili, mwishoni mwa mvua, ilikuja barua kutoka kijiji kimoja kipya cha upande wa Mbekenyera. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mahame yao yaliyotawanyika, wakapangiwa viwanja kwa mistari. Katibu wa kijiji aliomba "wataalamu wa nyoka waje kuondoa tatizo". Tulidhani tatizo ni nyoka. Tulipofika tukakuta tatizo ni mama mmoja mjane aitwaye Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, mkavu wa maneno. Marehemu mumewe alikuwa mganga. Kiwanja chake kilipakana na cha Bwana Chikambu, mkulima wa korosho, mtu mwenye bidii na kelele. Siku chache kabla ya barua ile Bi Somoe alikuwa anachimba msingi, nyoka wa njano akatoka kwenye udongo, Chikambu akaruka mpaka wa kiwanja na jembe lake. Alimkata huku na huku. Jioni ile mke wake, mwenye mimba changa, akashikwa na homa. Watu wakaunganisha: mganga alifuga nyoka wa vichwa viwili kwenye kibuyu, nyoka amemfuata mjane, na sasa analipa kisasi. Serikali ya kijiji ikampa Bi Somoe mpaka Jumamosi. Kama nyoka hajaelezeka, achukue miti yake ya kujengea akajenge ng'ambo ya korongo, peke yake. Ng'ambo ya korongo hapakuwa na maji wala jirani, na simba walikuwa wamechukua mbuzi huko wiki ile ile.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mzee Likopa alianza na mgonjwa. Alimpakia mke wa Chikambu, Mama Fatu, kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akamsukuma taratibu hadi zahanati. Walimpa klorokwini, wakamlaza. Mimi nilibaki na Chikambu.

"Hicho kipande kiko wapi, kaka?" nilimuuliza.

Alinionyesha cha katikati.

"Na kichwa?"

"Vichwa," alinisahihisha. "Nimevichoma. Vyote viwili vilikuwa vinanitazama."

"Nyoka huyu ana kichwa kimoja. Kile kingine ni mkia."

"Wewe ulikuwepo?"

Nilifungua kitabu, nikawaonyesha mchoro. Watu kama kumi na tano walikuwa wamekusanyika. Kitabu kilizunguka mikononi, kikarudi.

"Huyu ni wa Ulaya," alisema mzee mmoja. "Hana hata rangi."

Walicheka, na nadhani ni kile kicheko kilichonipandisha mori. Nilisema kwa sauti, mbele ya mwenyekiti na wote, kwamba Jumamosi nitawaletea aliye hai, wamtazame wenyewe. Mwenyekiti akasema vyema, ndugu, imeandikwa.

Mzee Likopa aliporudi kutoka zahanati na kusikia, hakunigombeza. Alikaa juu ya jiwe, akamenya muhogo mbichi, akatafuna mpaka ukaisha.

"Umewaahidi nyoka," alisema hatimaye. "Mimi nimewakamata tangu hujazaliwa, na sijawahi kumwahidi mtu nyoka."

Alhamisi tulichimba kwenye magogo yaliyooza, chini ya majani ya mikorosho, pembeni mwa vichuguu. Tulipata tandu, jongoo na panya. Wanakijiji walitutazama kwa mbali. Hakuna aliyekubali kuchimba nasi. Mchana Bi Somoe alitokea na jembe lake begani.

"Nipeni na mimi mahali."

"Mama, pumzika tu," nilimwambia. "Hii kazi yetu."

"Kazi ni yenu, nyumba ni yangu. Nichimbe wapi?"

Alichimba vizuri kuliko mimi. Alilaza jembe, akainua bonge, akalipasua kwa mikono, bila mtu kumfundisha. Mzee Likopa alimtazama kwa muda, kisha akanitazama mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Mpaka Ijumaa saa sita hatukuwa na kitu. Bi Somoe akasema kuna mahali pengine udongo ni laini zaidi, twende. Tulitembea karibu saa nzima. Palikuwa ni mahame yake mwenyewe, nyumba aliyohamishwa, kuta zimeanza kumeguka. Nyuma ya ghala la zamani palikuwa na kishamba cha karanga alichokipanda kabla ya kuhamishwa, na hakuna aliyekivuna. Alianza kung'oa mashina, moja moja, akikung'uta udongo. Shina la nane au la tisa, akasimama.

"Mzee. Njoo."

Alikuwepo, njano kama kiini cha yai, amejikunja kwenye mizizi, kichwa amekificha, mkia juu unayumba. Mzee Likopa alimwokota kwa vidole viwili, akamtia kwenye debe lenye udongo mbichi, akafunga. Mimi nilikuwa narukaruka. Wao wawili hawakufurahi, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Tulikuwa tumempata nyoka wa aina ile ile ambaye kijiji kilisema ametoka nyumbani kwa mganga. Na tulikuwa tumempata nyumbani kwa mganga.

"Tutasema ametoka kijiji cha Nkowe," nilisema. "Nani atajua?"

Mzee Likopa alikuwa tayari ametoa lebo. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, jina la mahame yale na jina la Bi Somoe.

"Mzee, hiyo karatasi itamfukuza huyu mama!"

"Inaweza."

"Basi si uandike nyingine? Ni karatasi tu!"

"Nikiandika Nkowe leo," alisema, "basi na ile kauli yetu kuhusu mkia ni ya Nkowe. Mtu akinikamata kwa uongo mmoja, atanirudishia na ukweli wote." Akamgeukia Bi Somoe. "Lakini anayehama si mimi. Ukisema nisimwonyeshe, namwachia hapa hapa, tunarudi mikono mitupu."

Bi Somoe alifuta udongo mikononi kwa kanga. Alilitazama lile ghala.

"Marehemu hakufuga nyoka," alisema. "Alikuwa anamwogopa hata mjusi. Hayo hawatayaamini, nimeyasema mara nyingi. Mwonyesheni."

Usiku ule sikulala vizuri. Nililiweka debe tumboni.

Mkutano ulikuwa asubuhi, barazani pa ghala la korosho. Mwenyekiti alifungua kwa salamu za chama, kisha akatuita. Mzee Likopa alitandika gunia, akamwaga udongo, nyoka akatoka. Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Nyoka akafanya kama kawaida yake, kichwa chini, mkia juu.

"Hicho hapo!" alipiga kelele Chikambu. "Kinatuona!"

"Njoo unitafutie jicho lake," alisema Mzee Likopa, akamnyooshea unyasi. Chikambu hakusogea. Aliyesogea ni Bi Somoe. Alipiga magoti, akamnyanyua nyoka kiganjani. Kwa unyasi akaugusa mkia, akauzungusha, akaukunja. Hapakuwa na jicho wala kinywa. Kisha akafunua kichwa kilichojificha chini, ulimi ukatoka. Vijana walianza kusogea. Mtu akasema, "Kumbe." Nikaanza kupumua.

"Sawa," alisema Chikambu. "Ni mkia. Mmemtoa wapi?"

Nilimtazama Mzee Likopa. Nilitamani apate kikohozi.

"Kwenye mahame ya Bi Somoe," alijibu. "Nyuma ya ghala."

Ilikuwa kama kumwaga maji kwenye mafuta ya moto. Wote walisema kwa pamoja. Chikambu alipanda ngazi ya ghala ili asikike. "Mmesikia? Wamesema wenyewe! Cha kwake kimetoka kwake! Kiwe na kichwa kimoja, kiwe na kumi, ni cha marehemu!" Mwenyekiti alikuwa ameshika kalamu, na niliona anaanza kuandika. Bi Somoe alibaki amepiga magoti, nyoka kiganjani.

Hapo Mama Fatu akaja. Alikuwa ametoka zahanati asubuhi ile, amejifunga kanga mbili, anatembea kwa kushika ukuta. Alitaka tu kuona watu wanapigia nini kelele. Alifika kwenye gunia, akakiinamia kiganja cha Bi Somoe.

"Huyu?" alisema. "Baba Fatu, ndiye huyu uliyemkata?"

"Rudi nyumbani, mke wangu. Unaumwa."

"Huyu mbona ni nyoka wa karanga. Kwa mama tulikuwa tunamtoa kila msimu. Hata mwaka jana nimemtoa kwako, kule shamba la bondeni, nikamrusha kwa jembe."

"Kwangu?"

"Kwani karanga zako nani anang'oa?"

Mwanamke mmoja nyuma akacheka. Mwingine akasema hata kwao Nkowe wapo. Bibi mmoja aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi akasema kwa Kimwera maneno ambayo Mzee Likopa alinitafsiria baadaye: kwamba wanaume wa siku hizi wanakula karanga kama zinaota kwenye bakuli. Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza.

Nilikaa chini. Miaka yote ile tulipeleka ujumbe kwa wenyeviti, na wenyeviti waliutangaza kwa wanaume mikutanoni, na wanaume walichimba misingi na makaburi, wakamwona nyoka huyu mara moja katika maisha, wakashtuka. Wanawake walikuwa wanamtoa kila mavuno na kumtupa pembeni kama konokono. Hakuna aliyewauliza. Mzee Likopa, mtoto wa Ruangwa, dereva wa trekta la karanga, hakuwahi kumuuliza hata mkewe. Nilimtazama. Alikuwa anasugua paji la uso.

"Usiseme kitu, Fomu Foo," alisema.

Kazi yetu ilibadilika kuanzia siku ile. Kila msimu wa karanga tulikwenda mashambani kwa kina mama na madebe, kule Nkowe, Nanganga, Mbekenyera, na kabla ya mwisho wa miaka ya sabini Dar es Salaam walikuwa na nyoka wazima wa kutosha kubishana mpaka walipochoka. Wa Bi Somoe naye alikwenda, na lebo yake. Miaka ya themanini nilihamishwa, nikahamishwa tena, na mara nyingine niliomba mwenyewe. Nimefanya kazi kwenye nyika na kwenye milima, na nimewashika nyoka wenye sifa kubwa kuliko huyu. Nikiamka kwenye nyumba za wageni bila kujua niko mji gani, udongo ninaounusa ni ule wa karanga.

Lakini mliuliza kuhusu kazi, nami sijamaliza Jumamosi ile. Mwenyekiti hakutoa hukumu yoyote. Alisema shauri limeahirishwa, akafunga daftari, na tangu hapo halikufunguliwa tena. Watu walitawanyika wakizungumza mambo mengine. Bi Somoe alikwenda moja kwa moja kwenye kiwanja chake, akaingia ndani ya mtaro wa msingi ulioachwa nusu tangu nyoka alipokatwa, akaanza kuchimba. Sisi tulikuwa tunafunga mizigo kwenye baiskeli.

Chikambu alisimama mpakani muda mrefu, jembe mkononi. Alikohoa. Bi Somoe hakuinua uso.

"Msingi wako unaishia wapi, dada?"

Alimwonyesha kwa kidole cha mguu. "Pale kwenye kigingi."

Chikambu alishuka kwenye mtaro upande wa pili, akaanza. Kila alipopiga jembe mara mbili tatu alisimama, akainama, akakagua udongo kati ya miguu yake.

"Chimba, kaka," alisema Bi Somoe, bila kuacha kazi yake. "Ukimkuta, niite tu. Nitakuja kumtoa."